Jina, Meza na Urithi: Mwongozo kwa Mkristo wa Elgon View Anayetaka Kumlea Yatima

Mkristo wa Elgon View hapa Eldoret akiguswa na habari za mayatima, mara nyingi hatua ya kwanza humpeleka kwenye makao ya watoto. Ushirika unachanga, unanunuliwa unga, sukari, sabuni na blanketi, basi dogo linakodiwa Jumamosi, watoto wanaimba, mchungaji anaomba, picha zinapigwa, na watu wanarudi mtaani kabla ya mvua ya alasiri. Sikatazi mtu kutoa. Lakini jioni ile mtoto amebaki palepale alipokuwa asubuhi: kwenye chumba cha vitanda vingi, akilelewa kwa zamu na watu wanaokuja na kuondoka, hana mtu mmoja anayeweza kumwita wake.

Makala haya ni ya yule anayetaka kufanya zaidi ya safari ile. Huenda ni mume na mke ambao wamekaa miaka bila mtoto. Huenda ni mama ambaye watoto wake wameshaondoka na vyumba vya juu havina mtu. Huenda ni kikundi cha maombi kilichochoka kupeleka unga kila Krismasi. Nyote nawaambia jambo moja: imani ni sababu njema ya kuanza, lakini ipimwe kwa kile mtoto atakachokuwa nacho akifika miaka thelathini. Je, atakuwa na jina linalotambulika, watu wa kumzika mzazi pamoja nao, na sehemu yake katika mali? Kama hana, basi tulimhurumia tu, hatukumpokea.

Yasome Maandiko kama mpango wa kazi

Wengi wanaanzia Yakobo 1:27, nao hawakosei. Ila tazama kwamba pale yatima hakutajwa peke yake. Ametajwa pamoja na mjane. Rudi Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, utawakuta tena wakiwa pamoja, wakiachiwa masazo ya shamba, zeituni na zabibu. Sheria ile haikuagiza mtoto aondolewe kwa mamake apelekwe kwa mwenye shamba. Iliagiza mwenye shamba aache kitu, ili mama akiokote na kwenda kupika kwake, mtoto akiwa ubavuni. Hiyo ndiyo njia ya kwanza, na ndiyo inayowafaa watoto wengi zaidi, kwa kuwa wengi tunaowaita mayatima hapa Uasin Gishu wana mama aliye hai, au nyanya, au shangazi.

Njia ya pili iko katika kitabu cha Esta. Mordekai alimlea Hadasa, mtoto wa ndugu ya babake, baada ya wazazi wake kufa. Ni malezi ya ukoo, jambo ambalo jamii zetu zimelifanya tangu zamani bila kuhubiriwa.

Njia ya tatu ni ya Yusufu wa Nazareti. Mathayo anapoandika ukoo wa Yesu kutoka Ibrahimu hadi Daudi na kushuka, anaupitisha kwa Yusufu, ambaye hakumzaa. Alimpa mtoto jina, akampa ukoo, akamfundisha kazi ya mikono. Naye Paulo, akiwaandikia Warumi na Wagalatia juu ya kufanywa wana wa Mungu, hakomei kwenye upendo. Katika nyaraka zote mbili anafika moja kwa moja kwenye urithi. Mkristo anayesema ameasili mtoto kwa sababu Mungu alimpokea yeye, kisha akamwacha mtoto huyo nje ya hesabu ya shamba, ameisoma nusu tu ya hoja ya Paulo.

Kwa hiyo, kabla hujainua simu kumpigia mtu yeyote, kaa na mwenzako mjiulize ni ipi kati ya njia hizo tatu mnaitwa kuifuata. Wengi watagundua ni ile ya kwanza, na si aibu.

Anza kwa kutafuta jamaa

Toka Elgon View uelekee Langas. Ni jirani kabisa. Askari anayelinda lango lako usiku na dada anayekufulia nguo huenda wanatoka huko. Ndani ya ploti zile kuna nyanya ambaye Wakalenjin humwita kogo, analea wajukuu wanne katika chumba kimoja cha mabati, binti yake alikufa au ametoweka mjini. Kila mwezi anakaribia kushindwa. Akishindwa, mtoto mmoja ataenda kwenye makao na mwingine ataangukia barabara za katikati ya mji, mdomoni ana chupa ya gundi. Ukimsaidia nyanya huyu asishindwe, umezuia watoto wanne wasiwe mayatima mara ya pili.

Msaada wa namna hii una mbinu zake. Usiuanzie kwenye mimbari. Mwone chifu na mzee wa mtaa, kisha ofisi ya watoto ya serikali, uwaulize ni familia gani ziko ukingoni. Uliza kama familia iko kwenye mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zinazolea mayatima. Kama haimo, mtu mmoja wa ushirika afuatilie usajili, kwani nyanya asiyejua kusoma hukatishwa tamaa na foleni. Kisha chagueni mambo machache yanayoweza kuahidiwa kwa miaka: kodi ya nyumba, karo na sare, mchango wa afya wa SHA. Lipeni moja kwa moja shuleni na kwa mwenye ploti, kimyakimya. Mtoto asijue ni nani anayelipa, na asiwahi kusimamishwa kanisani kushukuru. Mkiahidi kumwanzisha sekondari, mfike naye hadi aimalize. Ushirika ukivunjika au mkihama, kabidhini jukumu kwa mtu mwenye jina, si kwa kamati.

Kuna sababu nzito ya kuanzia kwa jamaa, na historia imetuonyesha. Januari 2010, baada ya tetemeko la ardhi kule Haiti, Wakristo kumi kutoka Marekani walikamatwa wakijaribu kuvusha watoto 33 mpaka wa nchi, wakiamini wanawaokoa. Ikaja kubainika watoto wale walikuwa na wazazi walio hai. Bidii ilikuwepo, maombi yalikuwepo, lakini hakuna aliyechukua siku za kutosha kuuliza mama yuko wapi. Kanda yetu nayo imejifunza. Kenya ilisimamisha uasili wa watoto wake na wageni Novemba 2014. Uganda ilikaza sheria yake 2016. Ethiopia ikapiga marufuku uasili wa nje Januari 2018. Mtoto anapogeuka kitu kinachotafutwa na watu wenye fedha, hata wenye nia njema, watajitokeza wa kumtengenezea uyatima.

Na makao yenyewe je? Yapo mengi kuzunguka Eldoret, na mengi yalianzishwa kwa imani. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa 1968 na 1972, na mkewe Phyllis, muuguzi, ambao kwa miongo mingi waliwapokea watoto nyumbani na shambani kwao karibu na mji huu, wakajenga na shule. Mwaka wa 2016 pale Rio de Janeiro Keino alikuwa wa kwanza kutunukiwa tuzo ya heshima ya Olympic Laurel. Ninaloliona kubwa katika habari yao ni lile la mwanzo: watoto waliingia katika nyumba yenye baba na mama kabla hakujawa na taasisi. Sasa serikali inaelekea huko. Mwaka wa 2017 usajili wa makao mapya ulisimamishwa, Sheria ya Watoto ya 2022 inataka mtoto asikae kwenye makao zaidi ya miaka mitatu, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Kanisa lako likipanga kujenga bweni jipya la mayatima, simama kwenye kikao useme kwa heshima kwamba fedha zile zipewe kazi ya kurudisha watoto nyumbani: nauli ya kutafuta jamaa, mshahara wa afisa wa ustawi wa jamii, mtaji wa mama aliyekuwa amemwacha mtoto kwa njaa.

Mtoto wa ndugu hakuja kuosha vyombo

Njia ya Mordekai inaonekana rahisi kwa sababu haina wakili. Ndiyo maana inaharibika kwa urahisi. Kaka amekufa kijijini, Turbo au Ziwa au Kapsabet, mnaenda matanga, na siku ya kugawana watoto mwenye nyumba Elgon View anapewa binti wa miaka kumi na miwili kwa sababu ana nafasi. Baada ya mwaka, binti huyo anaamka saa kumi na moja kupika chai ya binamu zake wanaosubiri basi la shule ya kulipia, kisha yeye anatembea kwenda ya umma. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mtoto anajua yeye ni nani katika nyumba ile, na majirani wanajua.

Kama huwezi kumpa mtoto wa ndugu kiti kilekile, sahani ileile na shule ya kiwango kilekile na wako, usimchukue. Msaidie akiwa kijijini kwa nyanya. Kama unaweza, basi amua mapema na useme mbele ya watoto wako wote: kazi za nyumbani ni za zamu, karo ni ya wote, na adhabu au msamaha ni sawa kwa wote. Kisha tafuta karatasi. Jamaa anaweza kuomba mahakamani atambuliwe kuwa mlezi wa kisheria, na hatua hii ni nyepesi kuliko kuasili. Haimwondolei mtoto jina la babake wala haki yake katika mali ya marehemu. Karatasi hiyo ndiyo itakuwezesha kutia sahihi afanyiwe upasuaji, kumtafutia pasipoti, na kumlinda ili mjomba mwingine asije akamchukua siku ambayo shamba la marehemu linapimwa.

Hapo pana jambo la kuangalia kwa makini. Mtoto yatima aliyeachiwa ardhi ana maadui asiowajua. Mlezi Mkristo ahakikishe urithi wa mtoto umeandikishwa kwa jina lake kupitia mahakama ya mirathi, na mazao au kodi ya shamba hilo vitunzwe kwa hesabu iliyoandikwa. Kumlea mtoto huku ukila shamba lake ni wizi, hata ukimpeleka kanisani kila Jumapili.

Majirani zenu Waislamu wana utaratibu wao, kafala, ambao sheria ya 2022 imeutambua: mtoto analelewa kikamilifu huku akibaki na nasaba yake. Ni vizuri Mkristo aujue, hasa mtoto anayetafutiwa familia akiwa ametoka nyumba ya Kiislamu. Mtoto huyo kwanza atafutiwe watu wa dini ya wazazi wake.

Kuasili: pita mlango wa mbele

Sasa njia ya Yusufu, kwa ajili ya mtoto ambaye jamaa wametafutwa wakakosekana, au mama ameamua, kwa hiari na baada ya kushauriwa, kwamba hawezi kumlea.

La kwanza ni katazo. Usipokee mtoto mkononi mwa mama, muuguzi, mchungaji au mtu yeyote anayekuambia kuna mtoto mahali fulani na mambo yatapangwa baadaye. Hata kama mama ni binti wa kwaya, analia, na mmeombea jambo hilo pamoja. Ukikuta mtoto ametupwa, mpeleke kituo cha polisi kilicho karibu, taarifa iandikwe kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, kisha afikishwe hospitalini na kwa afisa wa watoto. Simu ya bure ya 116 pia ipo kwa dharura. Namba ile ya OB ndiyo mwanzo wa maisha yake ya kisheria. Bila hiyo, miaka mitano baadaye utakuwa na mtoto anayekuita mama na huna namna ya kuthibitisha hukumwiba.

Mtoto aliyetupwa hutafutiwa wazazi na polisi kwa muda wa miezi sita, na mwishoni polisi hutoa barua kwamba hawakupatikana. Kipindi hiki huwakera waombaji. Mimi naona kina haki yake: kuna mama ambaye alikuwa mgonjwa, au alifukuzwa kwao, naye hurudi. Mtoto wa mama anayejulikana hawezi kuanzishiwa mipango ya kuasiliwa kabla hajatimiza wiki sita, ili ridhaa ya mama isitolewe akiwa bado kwenye uchungu na hofu ya kujifungua. Yote hayo yakikamilika, hutolewa cheti kinachotangaza kwamba mtoto yuko huru kuasiliwa.

Wakati huo nawe unachunguzwa. Nenda kwenye shirika la uasili lililosajiliwa na Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Shirika la Ustawi wa Watoto la Kenya, lililoanzishwa 1955, ndilo kongwe, na yapo mengine ya kibinafsi. Omba kuona cheti cha usajili ambacho hakijapitwa na muda. Mwombaji au mmoja wa wanandoa awe na umri wa angalau miaka 25, amzidi mtoto kwa angalau miaka 21, na asiwe ametimiza 65. Jamaa wa mtoto wana nafuu katika masharti haya. Asiye na ndoa aulize mapema masharti yanayomhusu, hasa mwanamume. Utahitaji vitambulisho, cheti cha ndoa, cheti cha tabia njema kutoka polisi, ripoti ya daktari, uthibitisho wa kipato, barua za watu wanaokufahamu, na kiapo cha mtu atakayemchukua mtoto ninyi wawili mkifa. Barua ya mchungaji husaidia, lakini haichukui nafasi ya mojawapo ya hizo.

Afisa atakuja nyumbani. Usimwandalie karamu na usimfiche matatizo. Mwambie kama mimba ziliharibika na bado mnaomboleza. Mwambie kama mume ndiye aliyekubali kwa shingo upande. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu, mmoja ndiye aliyesikia wito na mwingine alinyamaza kwa ajili ya amani. Kunyamaza si kukubali. Acheni miezi ipite mpaka wote wawili mseme ndiyo kwa kinywa chenu, kwa sababu usiku wa manane mtoto anapolia ndipo aliyenyamaza atakapoongea.

Mkishapangiwa mtoto, atakaa kwenu angalau miezi mitatu mfululizo kabla ya ombi kupelekwa mahakamani, huku shirika likifuatilia. Mwajiriwa ana haki ya likizo ya mwezi mmoja yenye malipo kamili kuanzia siku mtoto anapokabidhiwa. Iliingizwa kwenye Sheria ya Ajira mwaka wa 2021, nayo inataka umwarifu mwajiri kwa maandishi angalau siku 14 kabla. Ofisi nyingi hazijaisikia, kwa hiyo nenda na nakala ya kifungu cha 29A. Mahakamani huteuliwa mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto, afisa wa watoto hutoa ripoti yake, hakimu au jaji huwahoji faraghani, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye husikilizwa. Amri ikitoka, mtoto ni wenu kama mliyemzaa, na jina lake linaingizwa kwenye rejista ya walioasiliwa ili apate cheti kipya.

Kuna gharama halali za shirika na za wakili, dai risiti. Mtu akiomba kitu kidogo ili faili isonge, kataa. Najua safari ya mahakama inachosha, tarehe zinaahirishwa, na mtu anajiambia kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Lakini fedha zilezile zinazosogeza faili yako ndizo zinazosogeza faili ya mtoto aliyeibwa. Kulipa ili kupewa mtoto ni kosa la jinai, hata malipo hayo yakiitwa sadaka ya shukrani.

Kabila, ukoo na Desemba ya jando

Mji huu una swali ambalo haliulizwi kwa sauti: mtoto ni wa kabila gani? Eldoret inakumbuka tarehe 1 Januari 2008, wakati kanisa la Kiambaa nje kidogo ya mji lilipochomwa katika ghasia za kikabila, watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Mtoto aliyeokotwa hana jibu la swali hilo, nawe hutalipata. Usimpime pua wala rangi. Kama ukoo wako hauwezi kumpokea bila jibu, jua hilo kabla hajaja.

Kwa hiyo zungumza na wazee mapema. Nenda nyumbani, si kwa simu, ukae na baba, baba wadogo na mashangazi, uwaambie mlichoamua na kwamba mtoto atakuwa na haki zote. Wakalenjin watataka kujua mtoto wa kiume ataingia jandoni na nani, nani atamsimamia kwenye tumdo, yaani sherehe ya jando, na ataitwa kwa ukoo gani. Maswali hayo si uchawi wala si upagani wa kukemewa. Ni namna ya jamii kuuliza kama kweli umemaanisha. Wajibu: ataenda na binamu zake wa rika moja, atasimamiwa na mjomba fulani, ukoo wake ni wetu. Desemba ya miaka kumi na minne ijayo ikikukuta hujajibu, mvulana atajibiwa na wenzake kwa maneno ambayo hutaweza kuyafuta. Familia za Wakikuyu, Waluhya na nyingine zilizojaa Elgon View zina maswali yao, hasa la nani amrithi jina nani. Mpe mtoto jina la mtu wa nyumba yenu. Nyanya aliyepewa jina lake huwa wa kwanza kumtetea.

Kuna wazee watakaokataa. Wasikilize, waheshimu, kisha amua wewe na mwenzako. Ila usimlete mtoto kwa siri ukitumaini watazoea.

Anapofika nyumbani

Wiki za kwanza, punguza wageni. Najua ni vigumu: akina mama wa ushirika watataka kuja na maziwa, na mursik, na nguo, kila mmoja ambebe. Waambie waache vitu mlangoni na waombe wakiwa kwao. Mtoto aliyelelewa kwa zamu huenda kwa kila mtu bila kulia, na watu husema ni mtoto mzuri sana. Huyo bado hajajua nani ni wake. Anahitaji mikono miwili mitatu tu imlishe, imwogeshe na imlaze, mpaka aanze kulia anapochukuliwa na mgeni. Akianza kulia hivyo, furahi.

Mwenye umri mkubwa zaidi huenda akaficha chakula chini ya mto, akakojoa kitandani, akadanganya bila sababu, au akakaa mwezi mzima akiwa mtiifu kisha akaanza kuvunja vitu. Weka ndizi mahali anapoweza kuchukua bila kuomba. Usimpige. Na nawasihi wachungaji: tabia hizi ni za mtoto aliyekosa usalama, msimfanyie mkesha wa kuvunja laana ya ukoo. Mtoto akiwekewa mikono na kuambiwa ana pepo kutoka kwa mama aliyemzaa, atajifunza kwamba asili yake ni uchafu. Mwombeeni, na pia mumtafutie mshauri nasaha. Hospitali ya Rufaa ya Moi ina huduma za watoto za kutosha kukupa pa kuanzia, ikiwa ni pamoja na vipimo vya afya. Mtoto mchanga ambaye hali ya mamake haijulikani apimwe virusi vya Ukimwi mapema, kuanzia wiki ya sita, na ukiambiwa alikuwa hatarini fuata ratiba ya dawa na vipimo hadi mwisho.

Dada wa kazi naye aelezwe. Yeye ndiye atakayekaa naye saa nyingi, na neno moja kutoka kwake jikoni, la kwamba wewe si wa hapa, linaweza kubomoa ulichojenga.

Mwambie mtoto ukweli kabla hajaingia shule, kwa maneno madogo, na urudie kila mwaka ukiongeza kidogo. Andika kwenye daftari alipopatikana, siku ipi, alivaa nini, nani alimbeba. Tunza nakala ya OB, barua za polisi na amri ya mahakama katika faili moja. Habari hizo ni zake. Usizisimulie madhabahuni kama ushuhuda wako, na mchungaji asizitumie kama mfano wa mahubiri, hata bila kutaja jina, maana kanisa zima litageuka kumtazama. Akitimiza umri wa kuamua, atazisimulia mwenyewe au atanyamaza. Wala usimkumbushe kwamba ulimwokoa. Watoto wa kuzaliwa hawadaiwi shukrani ya kulishwa.

Maliza na wosia. Kisheria mtoto aliyeasiliwa anarithi kama aliyezaliwa, lakini sheria husubiri mtu wa kuisimamia, na kaka zako wanaweza kufika kwenye shamba kabla ya wakili. Andika jina lake kamili kama lilivyo kwenye cheti kipya, taja shamba kwa namba ya hati, taja nyumba ya Elgon View, taja mlezi atakayemchukua akiwa bado mdogo, na mashahidi wawe watu wasiorithi chochote. Mlezi yule aulizwe upya kila baada ya miaka michache kama bado yuko tayari, kwa kuwa aliyekubali akiwa na watoto wawili huenda sasa ana watano. Mwarifu mwajiri na kampuni ya bima wanufaika ni akina nani, na uhakikishe jina la mtoto limo katika orodha ya wategemezi kwenye SHA. Nakala moja ya wosia ikae kwa wakili, nyingine kwa mlezi, na mashangazi waambiwe waziwazi, kwenye mkutano wa familia, kwamba umeandikwa na unasema nini.